Taulo la Mgeni

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa kumi na dakika kumi alasiri, na geti la mabati linasukumwa kwa goti, maana mikono yote miwili ina mzigo: wa kulia umebeba mfuko wa nyanya na mkate, wa kushoto dumu la maji ya kunywa. Hapiti mlango wa mbele kama watu wengine wanaotoka kazini. Anazunguka nyuma ya nyumba, anatua mzigo, anafungua bomba, ananawa mpaka viwiko kwa sabuni ya mche bila haraka yoyote, kisha ndipo anaingia kwa mlango wa jikoni. Ni mtu wa makamo, mrefu kiasi, mabega yameinama mbele kidogo kana kwamba muda wote anamsikiliza mtoto. Vidole vyake utadhani aliviazima kwa mtu mwingine: ncha zimepauka, ngozi imekuwa ngumu, na sufuria iliyotoka motoni anaishika bila kitambaa wala asiseme "ah."

Kazi yake ni katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, na mtaa mzima unamwita Dobi.

Akishaingia ndani, kabla ya kukaa, kabla hata ya kunywa maji, huenda kwenye chumba cha mbele na kusimama nje ya pazia.

"Hodi, mama."

"Karibu, mkwe wangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa dakika kumi."

"Foleni ya mkate, mama."

"Mimi nikadhani umepata mke mwingine njiani."

Huyo ni mama mkwe, mama mzazi wa mke wake, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mzaha huo aliusema karibu kila siku kwa miaka minne, na kila siku Dobi alicheka kidogo kwa pua. Lakini Jumatano hiyo ninayowasimulia, maneno yalining'inia hewani yakakosa pa kutua. Kwa sababu mke mwenyewe alikuwepo. Alikuwa jikoni, amesimama katikati na mwiko mkononi, akifungua kopo moja baada ya jingine, anatafuta chumvi.

"Iko kwenye kopo la majani ya chai," Dobi alimwambia.

"Na majani ya chai?"

"Kwenye kopo la sukari."

Mke aliliangalia kopo la sukari. "Na sukari nisiiulize?"

"Sukari iko juu, Kinanda asiifikie."

Mke akatikisa kichwa taratibu, kama mgeni anayeelekezwa njia katika mji asioujua.

Turudishe mkanda nyuma kidogo, ndugu zangu. Miaka minne kabla, mwanamke huyu alipata kazi nchi ya mbali, kumtunza bibi kizee mmoja ambaye binti yake alikuwa na kazi nyingi ofisini. Walikubaliana miaka miwili. Mtoto wao alikuwa na miaka minne wakati huo, mtoto wa kuongea toka anapoamka mpaka anapofumba macho, ndiyo maana wakamwita Kinanda. Na mama mkwe, ambaye ndiyo kwanza magoti yalikuwa yameanza kumsaliti, akahamia kwao. Jirani mwanamke alikuja kila asubuhi kumsaidia kuoga, na yaliyobaki yakawa ya Dobi: kupika, kufua, kusuka nywele, kukanda magoti, kutafuta soksi ya pili. Miaka miwili ikaisha. Mke akapiga simu akasema wanamwomba aongeze miwili. Dobi akasema sawa, sisi hatujambo. Akaongeza.

Mwanzoni watu walimtania sana. Mwanaume anaishi na mama mkwe! Mwanaume anasimama kwenye foleni ya chanjo akiwa na mkoba wenye picha ya bata! Jirani alikuwa akimwita "mama mwenye nyumba" akiwa upande wa pili wa ukuta, naye Dobi akaitika "abee" kwa sauti nyembamba, wakacheka. Baadaye hata utani ukaisha. Watu wakazoea. Naye akazoea. Na katika kule kuzoea kuna kitu ndani yake kililala, na yeye hakusikia kilipolala, kama usivyosikia mtoto anapopitiwa na usingizi begani.

Sasa Jumapili mke alirudi. Alishuka kwenye teksi na mabegi mawili, amenenepa kidogo, amepunguza nywele. Kinanda, mwenye miaka minane sasa, akasimama mlangoni mikono nyuma, akamwamkia kwa adabu yote, kama anavyomwamkia mwalimu mkuu. Halafu akamgeukia baba yake akamnong'oneza, kwa ule mnong'ono wake unaosikika nyumba ya tatu: "Baba, kumbe mama wa simu ni mrefu!"

Dobi alipokea mabegi. Akasimama akangoja. Alidhani kitu kitapanda kutoka tumboni, kitamkaba koo, labda ataona haya mbele ya dereva. Hakikupanda kitu. Aliona begi moja gurudumu limevunjika. Aliona dereva hana chenji. Akaingia ndani kuweka maji ya chai.

Alasiri hiyohiyo, wakiwa wawili tu uani, mke alimweleza habari yote bila kuzunguka. Binti wa yule bibi anataka waandike mkataba mwingine, miaka miwili tena. Atapiga simu Ijumaa, saa kumi na moja jioni, apate jibu moja, ndiyo au hapana. Akisema hapana, Jumamosi watamtafuta mtu mwingine, na mlango utakuwa umefungwa.

"Baba Kinanda," akamwambia, "mimi siwezi kujiamulia peke yangu. Ukisema nibaki, nabaki. Usiposema, nitajua."

"Tutaongea," Dobi akasema.

Jumatatu hawakuongea. Jumanne hawakuongea. Na hii ndiyo Jumatano, chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai.

Dobi akaingia kwa mama mkwe na chupa ya mafuta, akapiga goti sakafuni, akaanza kazi ya kila siku ya kumkanda miguu. Dirisha la chumba hicho linatazama uani, na uani kulikuwa na nguo zimekauka kambani. Mke na Kinanda walitoka kuzianua. Waliokuwa ndani walisikia kila kitu.

Hapa nieleze jambo moja la kazi yake, maana bila hilo hamtaelewa. Katika hospitali ile kila wodi ina rangi yake. Kwenye pembe ya kila shuka hushonwa uzi, mishono minne tu: mwekundu ni wodi ya wazazi, wa bluu ni upasuaji, wa kijani ni watoto, na kadhalika, ili shuka la mwenye kidonda lisije likamfunika mtoto mchanga. Mtu akifanya kazi hiyo miaka mingi, macho yake huenda kwenye pembe ya nguo kabla hayajaiona nguo yenyewe. Basi mama mkwe alipohamia, na ngozi yake ikawa inawasha, Dobi akachukua sindano akatia uzi kwenye mataulo yote ya nyumbani. Kila mtu na rangi yake. Kwake huo ulikuwa usafi tu, kama kuosha kikombe.

"Hili la kijani la nani?" sauti ya mke ilisikika uani.

"La bibi."

"Na la bluu?"

"La baba. Limepauka, lakini usimwambie, anajua."

"Kwa hiyo hili jekundu ni lako."

"Ee! Umejuaje?"

"Nimebahatisha. Na hili jeupe, halina uzi?"

"Hilo la mgeni," Kinanda akasema, na kama kawaida yake hakuishia hapo. "Alilitumia fundi bomba alipomaliza kuzibua. Na mwalimu wangu alipokuja mvua ikamnyeshea. Na yule shemeji yake jirani aliyeanguka kwenye tope, ulimkosa, tulicheka mpaka bibi akakohoa. Sasa unatumia wewe. Lakini usiogope, baba huwa analichemsha."

Kisha ukasikika mlio wa nguo inayokung'utwa, mara moja, kwa nguvu. Kisha mara ya pili, taratibu.

Dobi alikuwa bado ameshika kifundo cha mguu cha mama mkwe. Alikumbuka sasa. Jumapili jioni mke alikuwa amesimama mlango wa bafu, amesema, "Baba Kinanda, nipe taulo," na yeye akanyoosha mkono kwenye rafu, mkono ukaenda wenyewe, ukachukua lile jeupe. Hakufikiri. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwamba hakufikiri.

"Masikio yangu hayajazeeka kama magoti," mama mkwe akasema polepole.

"Nimekosa, mama."

"Ungekuwa umefanya makusudi ningekutukana tukayamaliza. Kanda hapo kwenye kisigino."

Jioni, Kinanda akiwa anapiga mswaki na kuimba kwa wakati mmoja, Dobi akamfuata mke wake jikoni.

"Lile taulo," akaanza.

"Taulo zuri. Laini."

"Nitakutilia uzi."

"Wa rangi gani?"

Dobi alifikiri. Mwekundu, bluu na kijani zilikuwa na wenyewe. "Njano ipo."

"Njano ni wodi gani?"

Akasita. Hakuwahi kujifunza kudanganya kuhusu kazi. "Chumba cha kusubiri kitanda."

Mke akacheka. Kicheko kifupi, cha kwanza tangu Jumapili, na kilikwisha kabla Dobi hajaamua kama naye acheke. "Basi hapohapo pananifaa," akasema. Halafu akachukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa. "Lakini usitie uzi mpaka Ijumaa, baba. Usije ukapata kazi ya kufumua."

Dobi alijua kwamba maneno kama hayo humchoma mtu. Alisimama palepale akisubiri kuchomwa. Alijitazama ndani jinsi unavyochungulia kisimani, ukatupa jiwe, ukategea sikio, na jiwe lisifike. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo hasira, ingemshughulisha. Akamtakia usingizi mwema, akaenda kuloweka maharage.

Alhamisi alikwenda kazini kama kawaida. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali, nyuma ya jiko, na mashine zake tano zinanguruma kwa zamu kama watu wanaokoroma chumba kimoja. Kuna kazi moja humo ambayo mashine haijaweza: kukunja shuka kubwa. Hiyo inataka watu wawili. Mnashika pembe mbili mbili, mnalivuta mpaka linyooke, mnakunja, mnaendeana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuchukua kunjo la chini, anarudi nyuma, mnaendeana tena. Shuka mia mbili kwa siku. Dobi alikunja na Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ambaye amefanya kazi humo kuliko mashine zote.

"Mkeo karudi leo siku ya tano," Msimamizi akasema walipokutana katikati, "na wewe unatuletea uso kama shuka lililochemshwa mara mbili."

"Uso ni uleule."

"Ndiyo nasema. Ungekuwa umebadilika kidogo." Akarudi nyuma na pembe zake. Wakaendeana tena. "Umemwambia abaki?"

"Bado."

"Kesho ndiyo simu, na wewe bado? Unangoja nini, barua ya serikali?"

"Nangoja nitake."

Msimamizi akasimama. Shuka likalegea kati yao likagusa sakafu, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakaripia watu wakilifanya. "Kwani humtaki?"

"Sijasema simtaki. Nimesema nangoja nitake. Unajua mguu ukifa ganzi? Unauona ni wako, kiatu ni chako, unaubinya, lakini wenyewe hausemi kitu. Sasa mtu akikuuliza, je, unaupenda mguu wako, utamjibu nini?"

Kutoka upande wa mvuke, Mzee wa Pasi akaingiza neno bila kuitwa. Huyo hupiga pasi magauni ya madaktari, na huwa anasikia kila kitu isipokuwa anapoitwa. "Mguu wa ganzi unaukanyagia tu. Unauma kama sindano mia, halafu unatembea."

"Wewe ulikanyagia mara tatu," Msimamizi akamgeukia, "na wake zako wote watatu wakatembea wao!"

Kicheko kikapasuka chumba kizima. Hata Mzee wa Pasi alicheka, akijipangusa jasho kwa mkono wa gauni la daktari. Dobi akaokota pembe ya shuka. Wakaliweka pembeni lirudiwe, wakachukua jingine.

Walipofika la kumi hivi, Msimamizi akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja nikuambie la kwangu. Mume wangu alipofariki, nikahamia kwa dada yangu. Dada mwenyewe mume alikwishaondoka. Tuna watoto watano kwa jumla, siku nyingine nasahau yupi nilimzaa. Tumebandika karatasi ukutani: nani anapika lini, nani anadeki, nani anapeleka nani kliniki. Watu wakituuliza nani baba wa nyumba hii, tunawaonyesha karatasi. Sasa mwaka jana akaja mtu, mtu mzuri tu, ana kazi yake, anataka kunioa. Unajua usiku ule niliwaza nini? Niliwaza, huyu nitamweka zamu ipi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri. Alipochoka kungoja akaenda." Akavuta shuka likanyooka pa! "Simlilii. Lakini karatasi ile siku hizi nikiiangalia, naona imejaa mno."

Aliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa anamngoja, na safari hii hakutania habari ya mke mwingine. Alimwambia afunge dirisha.

"Kaa chini. Magoti yatangoja. Nikuulize: mwanangu alipokuwa akipiga simu kila Jumapili, ulikuwa ukimwambia nini?"

"Hatujambo."

"Hata ule mwezi Kinanda alipolazwa siku tisa?"

"Nilimwambia ana mafua. Angefanya nini kutoka kule, mama? Angelia tu."

"Na nilipoanguka bafuni?"

"Ulinikataza nisiseme."

"Nilikukataza. Nikachukua simu mwenyewe nikamwambia nimeota niko kijana." Mama mkwe akatazama vidole vyake. "Tulidhani tunampunguzia. Miaka minne tunamwambia hatujambo, hatupungukiwi, hatuna shida. Sasa mtu akiambiwa mara mia mbili kwamba hakuna pengo, wewe unadhani ataongeza mkataba au hataongeza? Tumemfukuza kwa maneno matamu, mkwe wangu. Mimi na wewe."

Dobi alikuwa anajaribu kukumbuka kama yeye alitaka siku yoyote kusema "rudi." Alikumbuka siku ya nne kati ya zile tisa, amekaa kwenye benchi la wodi ya watoto na kiatu kimoja cha Kinanda mfukoni, hajui kilifikaje. Siku ile alitaka. Alitoa simu akaiangalia. Halafu nesi akaita jina la mtoto, akasimama, na kutaka kwenyewe kukabaki pale kwenye benchi.

"Na jambo la pili," mama mkwe akaendelea. "Usimwambie abaki kwa sababu ya magoti yangu. Jana alijaribu kuyakanda ukiwa kazini. Alikuwa analia, machozi yananidondokea mguuni. Wewe unayashika kama unakunja foronya, na mimi nakupendea hilo. Kule anamfuta mate mama wa mtu mwingine na halii. Huku mume wa mtu ananikanda na halii. Dunia imetupangia kazi vizuri tu, kila mtu anamtunza asiyemliza." Akacheka, lakini kidogo. "Kwa hiyo kama ni abaki, abaki kwa la kwenu nyinyi wawili. Kama lipo."

Ijumaa Dobi aliomba ruhusa akatoka mapema. Saa kumi na nusu, kazi zote za nyumbani zimekwisha, alikuwa ameketi mezani. Mke alikuwa upande wa pili, simu imelala katikati yao kama bakuli. Kinanda alikuwa kwenye mkeka anafanya hesabu, anajisomea kila tarakimu kwa sauti. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amejifanya amesinzia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya vizuri.

"Kule," Dobi akasema, "ulikuwa hujambo kweli?"

Mke alimtazama. "Mbona unaniuliza leo?"

"Nilipaswa kukuuliza zamani."

Mke akageuzageuza simu. "Mwaka wa kwanza jino liliniuma wiki mbili. Nilikuambia nimekula vizuri. Yule bibi alikuwa akiniita kwa jina la binti yake, mwanzo nilimsahihisha, baadaye nikawa naitika. Nilikuwa nalia kila Jumapili nikikata simu. Halafu siku moja nikagundua sijalia miezi mingi. Sikuamua kuacha, kilio kilikoma chenyewe." Akaiweka simu chini. "Kwenye ndege nikajiambia, ngoja nimwone mtoto, hapo nitalia mpaka nishike ukuta. Nikamwona. Unajua niliona nini? Niliona viatu vinambana. Nikasema, huyu anahitaji namba kubwa zaidi. Basi. Hicho tu ndicho kilichokuja."

"Mimi niliona gurudumu la begi," Dobi akasema.

"Gurudumu?"

"Limevunjika. Ulivyoshuka. Nilingoja kitu kingine kije, hakikuja."

Wakatazamana. Sitawadanganya kwamba kuna aliyemshika mwenzake mkono. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili kuwa na kitu kimoja ambacho ni chao wote wawili, hata kama kitu chenyewe kilikuwa ni kutosikia kitu.

"Niliogopa ni mimi peke yangu," mke akasema.

"Na mimi."

Simu ikaita. Ilitetemeka juu ya mbao ikasogea upande wa Dobi, kama inayomchagua. Kinanda aliacha kuhesabu. Macho ya mama mkwe yakafumbuka.

"Sema," mke akamwambia.

"Baki."

Alilisema kama anavyomwambia mtu "shika hapo," sauti haikupanda wala haikushuka. Yeye mwenyewe alilisikia jinsi lilivyotoka kavu, akataka kuongeza chochote, hakupata cha kuongeza.

"Unasema kwa moyo?" Simu bado inaita.

"Moyo sijaupata, Mama Kinanda. Nasema kwa mdomo. Mdomo nao ni wangu."

Mke alimwangalia kwa muda wa mlio mmoja zaidi. Kisha akachukua simu, akasimama, akageukia dirishani. Aliongea lugha ya kule ambayo hakuna mwingine aliyeielewa, kwa heshima, taratibu, na kuna neno moja fupi alilolirudia mara mbili, mara ya pili kwa uthabiti kuliko ya kwanza. Akakata. Akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Wamesema wananitakia heri," akasema.

"Asante," Dobi akajibu, wala hakujua anamshukuru nani.

Mama mkwe akakohoa kikohozi cha kutengeneza. "Hapa hakuna chai?"

Dobi akasimama. Mke naye akasimama. Wakaonana wote wamesimama. Dobi akakaa kumpisha, na mke naye, kwa kumpisha yeye, akawa amekwisha kukaa. Mama mkwe akawatazama wote wawili. "Basi chai imekufa," akasema.

"Mkishamaliza kunyamaza," Kinanda akasema kutoka kwenye mkeka, "kuna hii."

Alitoa karatasi kwenye begi la shule, imekunjamana, ina doa la embe. Jumatatu kuna mkutano wa wazazi. Viti ni vichache, shule inaomba mzazi mmoja tu kwa kila mtoto, jina lake liandikwe kwenye mstari, na pembeni yake uhusiano wake na mwanafunzi. Kinanda alikuja akaitandaza mezani, akaipiga pasi kwa kiganja. Miaka yote alikuwa akijaza mwenyewe jina la baba hata bila kuuliza. Sasa ameshika kalamu juu ya mstari, anamtazama baba yake, anamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yule mtoto hana la kusema.

Dobi akajitazama ndani, kama alivyofanya wiki nzima, aone kama anataka kwenda au anataka mke wake ndiye aende. Mke naye, ukimwangalia uso, alikuwa anafanya vilevile.

"Niandike nani?" Kinanda akauliza.

Na wewe uliyekaa nasi mpaka hapa, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nani?